Jioni Melini Bila Suti: Uvae Nini, Uache Nini

Kila mwaka likizo za Desemba zikikaribia, naulizwa jambo lile lile. Aliye Houston ananiandikia kwamba watoto wamemlipia safari ya siku saba kutoka Galveston, na maishani mwake hajawahi kumiliki koti. Aliye Muscat anauliza kama akipandia meli Dubai ataweza kula chakula cha jioni na kanzu yake. Dada mmoja wa Nairobi aliniuliza kwa hofu kabisa: "Ni lazima ninunue gauni refu la kumeremeta? Nikienda na jinzi watanirudisha mlangoni?"

Mlango huo naujua. Kwa miaka sita nilihudumu mezani kwenye meli za kitalii, na kwa muda mrefu kazi yangu ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa kusimama kwenye lango la ukumbi mkuu wa chakula, kukaribisha abiria na kutazama, kwa adabu, walichovaa. Nimeona waliotumia akiba yao kununua suti wakaivaa kwa saa mbili tu. Nimeona pia waliofika na kaushi na ndala zinazochuruzika maji, wakaumia moyo walipoombwa wakabadili. Wote hao wangestarehe kama mtu angewaeleza mapema.

Jibu langu ni ndiyo. Unaweza kukaa melini wiki nzima, ukala vizuri kila usiku, bila suti wala gauni la sherehe. Ila nguo ya kawaida ya jioni si ile ya mchana kando ya bwawa la kuogelea. Makosa karibu yote niliyoyaona yalitokana na kuchanganya hizo mbili.

Tazama kampuni kabla ya kutazama kabati

Kosa la kwanza ni kuuliza "melini watu huvaaje?" kana kwamba meli zote ni moja. Kila kampuni ina desturi yake, na tofauti ni kubwa. Hivi ndivyo zinavyokaa, kuanzia iliyolegea hadi iliyokaza:

- Virgin Voyages. Ni ya watu wazima tu na haina masharti ya mavazi. Kuna usiku mmoja wa nguo nyekundu, nao ni wa hiari.
- Norwegian Cruise Line. Mwaka 2000 ndiyo iliyoanzisha utaratibu wa kula saa unayotaka bila usiku wa lazima wa mavazi rasmi. Shati la kola na jinzi safi vinakutosha karibu kila mahali. Migahawa michache hutaka suruali ndefu.
- Viking, zile meli zake za baharini. Hakuna usiku rasmi. Jioni wanataka suruali ya kitambaa na shati la kola, au gauni au sketi na blauzi. Tai na koti ni hiari.
- Celebrity. Mwaka 2015 ilifuta usiku rasmi wa zamani na kuweka jioni za kupendeza ambazo hazidai tai.
- Carnival, Royal Caribbean, Princess. Jioni nyingi ni za kawaida, halafu kuna moja au mbili za kujipamba katika safari ya wiki.
- MSC na Costa. Zina usiku wa gala, na mara nyingi usiku wa nguo nyeupe. Huo wa nyeupe nitaurudia, kwa sababu sisi tuna jibu lake tayari.
- Cunard. Hapa ndipo pa kuwa makini. Ukisafiri na Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York, siku saba baharini, saa kumi na mbili jioni meli hubadilika. Siku za gala, wanaume wengi huvaa koti jeusi na tai ya kipepeo, na sehemu nyingi za meli hufuata utaratibu huo.

Masharti hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichokwambia shemeji aliyesafiri miaka kumi iliyopita. Wiki mbili kabla ya safari fungua tovuti ya kampuni, tafuta ukurasa wa mavazi, usome mwenyewe. Kama hujalipia bado na hutaki kabisa habari za tai, chagua meli iliyo juu kwenye orodha hii. Ni rahisi kubadili meli kabla ya kulipa kuliko kubishana mlangoni ukiwa katikati ya bahari.

Maneno utakayoyaona kwenye ratiba

Kila jioni ratiba ya kesho huwekwa kabini au kwenye programu ya simu ya meli, na ndani yake huandikwa vazi la usiku huo. Kwa kawaida utakuta neno moja kati ya haya:

- Casual ni kawaida. Jinzi isiyochanika, fulana yenye kola, gauni jepesi, sketi. Kwenye baadhi ya meli hata kaptula nadhifu hupita.
- Smart casual ni kawaida iliyonyooshwa. Suruali ndefu, shati la kola, viatu vya kufunika. Kwa mwanamke, gauni, au suruali na blauzi nzuri.
- Formal, gala au elegant ni usiku wa kujipamba. Uzito wake unategemea kampuni. Kwenye Carnival shati zuri na suruali ya kitambaa vinakubalika. Kwenye Cunard havitoshi.

Usiku wa kujipamba aghalabu huwekwa siku ambayo meli haitii nanga popote, kwa kuwa abiria wana mchana mzima wa kujiandaa. Ukijua siku hiyo mapema, hutashtukizwa.

Tulichokuwa tukitazama mlangoni

Watu hudhani tulikuwa tukitafuta chapa ya shati. Hapana. Macho yangu yalianza miguuni yakapanda juu, na yalikuwa na maswali manne tu.

Viatu vimefunika, au angalau vina mkanda? Ndala za mpira ndizo zilizowarudisha watu wengi kuliko nguo nyingine yoyote.

Nguo imekauka? Kaptula ya kuogelea yenye unyevu huharibu kiti cha kitambaa, na anayekuja kukaa baada yako atalowa. Hakuna meli niliyoijua iliyoruhusu nguo za kuogelea kwenye ukumbi mkuu wa chakula jioni.

Mabega ya mwanamume yamefunikwa? Mwanamke hupita na gauni lisilo na mikono, mwanamume na kaushi hapiti. Najua hilo si sawa kwa sawa, lakini ndivyo ilivyo.

Kichwani kuna kapelo? Itatakiwa ivuliwe.

Ukiyapita hayo manne usiku wa kawaida, umeingia. Hakuna aliyejali kama shati lilinunuliwa duka kubwa la Dubai au kwenye soko la mitumba la Karume. Shati la mtumba lililopigwa pasi lilipita mbele ya shati la bei kubwa lililokunjamana.

Kanzu, kitenge na suti ya Kaunda

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo wasomaji wangu wanapopoteza fedha bila sababu. Wanaacha nyumbani nguo nzuri kuliko zote walizonazo, wakaenda kununua nguo za mtu mwingine.

Jioni moja, baada ya meli kutoka Barcelona, alikuja mzee wa Mombasa aliyekuwa akiishi Toronto, pamoja na mkewe. Mzee alivaa kanzu nyeupe iliyonyooka, kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, na makubadhi. Kijana niliyekuwa naye zamuni, mgeni kazini, alikuwa amefundishwa kwamba kofia haziruhusiwi, naye akaonyesha kichwa cha mzee kwa kidole. Mzee hakusema neno. Aliivua ile kofia, akaikunja mara mbili, akaifumbata kiganjani. Mkewe akanitazama kifuani, akasoma jina langu, akauliza, "Mwanangu, ndivyo?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama, sivyo." Nikamwita mkuu wa ukumbi. Alikuja, akaeleza mbele ya kijana kwamba sheria inahusu kapelo za michezo na haigusi vazi la heshima la mtu wala la dini yake. Akamwomba mzee radhi. Mzee akaikunjua kofia, akaikung'uta, akaivaa, wakaingia. Nami niliwahudumia usiku huo kama ninavyowahudumia wazazi wangu.

Nawaomba mshike hilo. Vazi rasmi la taifa au la asili ya mtu linakubalika katika meli nyingi, hata Cunard usiku wa gala. Lakini kila vazi letu lina namna yake ya kuvaliwa jioni:

- Kanzu. Inakufaa usiku wa kawaida na wa rasmi pia. Ndani vaa suruali nyeupe au kikoi, maana taa za ukumbi hupenya kitambaa chepesi. Usiku wa gala weka koti la suti juu yake kama unavyokwenda harusini. Na ule usiku wa nguo nyeupe wa MSC na Costa, ambao wenzako wanahangaika kutafuta suruali nyeupe, wewe umeshamaliza.
- Shati la kitenge. Ukiniuliza ni vazi gani moja la kiume la kubeba, nitakwambia hili. Lenye kola, mikono mifupi au mirefu, na suruali nyeusi. Huvaliwa nje ya suruali bila kuonekana uzembe, halionyeshi doa la mchuzi, na halikunjamani haraka.
- Gauni la kitenge. Linapita usiku wowote. Fundi akiwa mzuri, usiku wa gala utapigwa picha kuliko waliovaa vya kumeremeta.
- Suti ya Kaunda. Mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku bungeni, na tangu wakati huo wanaume wananiuliza kama meli nazo zinaikataa. Usiku wa kawaida hupita bila swali. Usiku rasmi kwenye meli zilizolegea hupita pia. Kwenye Cunard siku ya gala, vaa koti na tai, au vazi kamili la asili.
- Baibui na hijabu. Vaa bila wasiwasi usiku wowote. Baibui lililotariziwa ni vazi la gala.
- Dera. Jipya, lenye gaguro ndani na mtandio juu, linafaa jioni za kawaida. Lile lililopauka la kupikia liache nyumbani. Hilo jipya liinue kidogo unapotembea, kwa kuwa kizingiti cha mlango wa kutokea sitahani huwa kimeinuka ili kuzuia maji, na pindo refu hunasa hapo.
- Kikoi cha kujifunga na kanga. Vinafaa kabini na bwawani. Kwenye ukumbi wa chakula cha jioni, wageni huviona kama taulo la ufukweni, na mhudumu naye atakuona hivyo. Kanga ichukue kwa kujitanda mabegani, nitaeleza kwa nini.
- Makubadhi. Yenye mkanda na yaliyong'arishwa yanapita. Niliyapitisha mwenyewe mara nyingi.

Usiku wa rasmi, nawe hutaki rasmi

Hapa ndipo swali la yule dada wa Nairobi lilipo. Una njia kadhaa, na zote ni halali:

1. Nenda kwenye bafe. Karibu kila meli ina mgahawa wa kujipakulia ambao unafunguliwa jioni pia, na pale, kwenye meli nyingi, kaptula, fulana na kandambili havimsumbui mtu. Royal Caribbean huuita Windjammer, Carnival huuita Lido, na kwenye Queen Mary 2 ni Kings Court. Mara nyingi baadhi ya vyakula vya ukumbi mkuu hufika huko pia.
2. Agiza chakula kabini. Ukiwa na kibaraza, usiku wa namna hiyo ni mzuri kuliko wa ukumbini. Uliza kwanza kama kuna malipo, maana meli nyingine hutoza.
3. Tumia mgahawa wa kulipia, baada ya kuuliza. Usidhani kwa kuwa umelipa zaidi basi masharti yamelegea. Migahawa ya nyama na ya Kifaransa mara nyingi ndiyo inayokaza zaidi.
4. Pandisha kidogo. Suruali nyeusi, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vya ngozi. Kwenye meli nyingi za Marekani hilo linakuingiza ukumbini usiku wa gala bila koti.

Onyo moja kuhusu Cunard na meli za aina yake: usiku wa gala sharti halihusu meza ya chakula peke yake. Linahusu pia sehemu nyingi za muziki na burudani, hadi usiku wa manane. Ukiwa na nguo za kawaida utabaki kwenye bafe, baa ya Golden Lion na sehemu nyingine chache zilizotajwa kwenye ratiba. Ukikata tiketi huko, ujue umekubali hilo. Binafsi naona wanayo haki. Wanaopanda meli ile wengi wao wamelipia sherehe hiyo hasa.

Na kama mwenzako anapenda kujipamba nawe hupendi, msigombane. Jipambeni pamoja usiku mmoja, na mwingine msijipambe, mle kwenye bafe. Nimehudumia wenzi waliokula wamenuniana kwa sababu ya tai, na chakula kikapoa.

Baridi, upepo na pasi

Wengi hufikiri Karibi au Ghuba ni joto, kwa hiyo jioni pia itakuwa joto. Ndani ya meli si hivyo. Viyoyozi vya ukumbi wa chakula na vya ukumbi wa michezo ya jukwaani hupuliza baridi kali hata nimeona wanawake wakijifunika vitambaa vya meza. Kanga, pashmina au sweta jepesi ni lazima. Na kwa wanaopandia Dubai au Doha mwezi wa Januari, nje nako jioni hupoa hadi kama nyuzi 15. Fulana peke yake haikusaidii sitahani.

Upepo ni jambo la pili. Meli inayotembea ina upepo wake hata bahari ikiwa shwari. Sketi nyepesi pana huinuka, mtandio usiofungwa huruka ukazama. Ubane kwa pini.

La tatu ni viatu. Usiku sitaha za nje hulowa umande na chumvi, na meli huyumba. Viatu vya mchuchumio wenye ncha ni njia ya haraka ya kuteguka kifundo cha mguu. Chukua vyenye kisigino kinene kifupi, au vya chini kabisa.

La nne ni pasi. Usiibebe. Karibu meli zote hukataza pasi na mashine za mvuke kabini kwa kuogopa moto, na mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi bandarini. Ikionekana itachukuliwa, nawe utaifuata siku ya kuondoka. Badala yake:

- Chagua vitambaa visivyokunjamana, kisha viringisha nguo badala ya kuzikunja.
- Tundika nguo bafuni unapooga maji ya moto, funga mlango, iache dakika 15 mvuke uilainishe. Inyooshe kwa kiganja ingali na unyevu.
- Uliza kama kuna chumba cha kufulia cha abiria. Princess na Cunard zinavyo, na pasi ziko humo.
- La sivyo, toa kanzu au shati moja lipigwe pasi kwa malipo siku ya pili, kabla foleni ya usiku wa gala haijaanza.

Sanduku la usiku saba

Ndege nyingi hukupa kilo 23, na hazihitajiki zote kwa nguo za jioni. Kwa mwanamume:

- Suruali ndefu mbili: nyeusi ya kitambaa, na nyingine ya kaki au jinzi nzito isiyochanika
- Mashati manne yenye kola, mawili yakiwa ya kitenge
- Shati jeupe moja la mikono mirefu, au kanzu moja
- Viatu vya ngozi jozi moja, na raba safi jozi moja
- Mkanda, sweta jepesi

Kwa mwanamke:

- Magauni mawili ya kawaida yanayofika magotini au zaidi
- Gauni moja la kitenge au baibui la tarizi kwa usiku wa kujipamba
- Suruali nyeusi moja na blauzi tatu
- Viatu vya chini, na vya kisigino kifupi
- Kanga au pashmina, pini, mtandio

Hakuna atakayehesabu kwamba suruali yako nyeusi imetoka mara nne. Nilihudumia meza zile zile wiki nzima na sikukumbuka suruali ya mtu hata mmoja.

Watoto wavalishwe kwa kanuni hizo hizo, kwa upole zaidi. Mtoto wa miaka mitano mwenye kaptula safi hakuna atakayemrudisha. Vijana wa miaka 15 ndio wa kuangaliwa, maana huja moja kwa moja kutoka uwanja wa mpira wa kikapu. Waambie mapema, kabla njaa haijawakasirisha.

Hasara ndogo ndogo zinazozuilika

*Kununua jinzi iliyochanwa kwa ajili ya safari.* Ni mtindo, nakubali, lakini ukumbi mkuu wa meli nyingi huikataa jioni.

*Kubeba nguo za mabaka ya kijeshi.* Sisi wa Kenya na Tanzania tunajua kwamba raia hawazivai. Visiwa kadhaa vya Karibi, Barbados na Jamaica vikiwamo, vina sheria hiyo hiyo. Ukitoka melini nazo jioni kutembea mjini, unaweza kuvuliwa.

*Kusahau kwamba mji una masharti yake.* Meli za Ghuba husimama Muscat, na soko la Mutrah huchangamka hasa jioni. Funika mabega na magoti kabla ya kushuka ngazi, hata kama melini ulikuwa na kaptula.

*Kukodi suti melini siku ile ile.* Inawezekana kwenye baadhi ya meli, lakini saizi huisha, na bei hutaipenda.

"Nimelipa fedha zangu, kwa nini nipangiwe?"

Nimeulizwa hivi usoni, kwa sauti ya juu. Jibu langu halijabadilika. Umelipa, na aliyekaa meza ya pili naye amelipa. Yeye amelipia pia chumba kisicho na harufu ya klorini na jasho. Lakini upande wa pili wa haki hiyo ni wako: hakuna mhudumu mwenye ruhusa ya kukudharau kwa kuwa huna tai usiku ambao ratiba imeandika kawaida. Likitokea, omba kwa utulivu kuonana na mkuu wa ukumbi. Mwonyeshe ratiba. Usibishane na kijana wa mlangoni, ambaye anatii alichofundishwa na huenda kafundishwa vibaya.

"Je, watanifukuza mbele ya watu?" Sikuwahi kuona. Anayekosea hujongezwa pembeni, akaambiwa kwa sauti ya chini akabadili, meza yake ikamsubiri. Ukirudi ndani ya dakika 20, kwa kawaida utakuta mkate na siagi.

"Je, watanicheka?" Wanaokutazama wengi wanajiuliza kama wao wenyewe wamevaa sawa. Nimesimama mlangoni, nimeyaona macho hayo.

Usiku wa kwanza na wa mwisho

Siku ya kupanda, sanduku lako kubwa hukabidhiwa wapagazi bandarini, na linaweza kufika mlangoni mwa kabini saa mbili usiku, baada ya chakula. Usiku wa kwanza karibu kila meli ni wa kawaida kwa sababu hiyo. Hata hivyo beba kwenye begi la mkononi suruali moja ndefu, shati moja, dawa zako, na nguo za kulala.

Usiku wa mwisho ndio unaowaumiza watu. Meli nyingi huagiza masanduku yatolewe koridoni kabla ya usiku wa manane, yakachukuliwa, nawe huyaoni tena mpaka bandarini asubuhi. Kila safari kuna waliofunga kila kitu wakabaki na nguo za kulala, wakashuka ngazi nazo. Kabla ya kufunga zipu ya sanduku, weka kitandani suruali, shati, nguo za ndani na viatu vya kesho, vihesabu, ndipo ulitoe sanduku nje.